Vumbi, Moshi na Afya ya Pumzi: Maelezo kwa Wakaazi wa Nzuguni na Miji Inayokua

Hewa ni riziki ya mwanzo ya binaadamu. Mtu huweza kuishi siku nyingi bila ya kula na siku chache bila ya kunywa, lakini hawezi kuishi hata dakika kumi bila ya kuvuta pumzi. Kwa siku moja mtu mzima huvuta lita zipatazo 10,000 za hewa. Tena, tofauti na chakula, hewa haichaguliwi: aliyepo mahali huvuta iliyopo mahali hapo, awe tajiri au maskini, mwenyeji au mpita njia. Kwa sababu hiyo usafi wa hewa ya mji ni jambo la jamii nzima, wala si la mtu mmoja mmoja.

Maelezo haya yanahusu Kata ya Nzuguni, iliyopo mashariki ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Kata hiyo inafaa kuwa mfano kwa sababu takriban kila kinachochafua hewa ya mji unaokua kinakutana hapo: barabara za udongo, viwanja vya ujenzi, kituo kikuu cha mabasi, soko kubwa, uwanja wa maonyesho ya Nanenane na maelfu ya majiko ya mkaa. Aidha, ni mahali panapowahusu watu wa pande zote mbili za Muungano. Wabunge, watumishi wa wizara za Muungano na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotoka Unguja na Pemba huishi Dodoma au hupita Nzuguni kila mwaka, na wengi wao wamezoea hewa ya bahari yenye unyevu. Inafaa basi ieleweke vumbi hilo linatoka wapi, linaudhi mwili kwa njia gani, na lipi linaweza kufanywa.

ARDHI NA UPEPO WA DODOMA

Dodoma ipo juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni chache, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Tena mvua hiyo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Disemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi. Majani hukauka, udongo hupasuka, na tabaka ya juu ya ardhi hugeuka unga.

Katika miezi hiyo hiyo upepo nao huzidi. Upepo ambao watu wa pwani huujua kwa jina la kusi huingia bara, na ukifika uwanda wa kati huvuma zaidi kutoka mashariki. Kuanzia Julai hadi Oktoba wakaazi wa Dodoma hushuhudia wingu jekundu likipanda barabarani, na mchana wa jua kali hushuhudia kisulisuli kikizunguka uwanjani na kunyanyua mchanga, majani makavu na takataka. Kwa kuwa Nzuguni ipo upande wa mashariki wa jiji, vumbi linalonyanyuliwa hapo halibaki hapo. Huchukuliwa kuelekea katikati ya mji, likapumuliwa na watu wasiolijua lilikotoka.

Ingekuwa makosa kusema kwamba vumbi la Dodoma ni kazi ya Mungu tu. Ardhi iliyofunikwa na vichaka na majani haitoi vumbi jingi, hata upepo ukivuma. Vumbi huanza pale ardhi inapovuliwa nguo yake. Historia ya mkoa huo inatoa ushahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Vichaka vilifyekwa kwa matingatinga, na ardhi ikabaki wazi kwa jua na upepo. Mvua haikutosha, udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36.

Upande wa kaskazini, huko Kondoa, ardhi ilimomonyoka kwa wingi wa mifugo na ukataji wa miti hata ikalazimu Serikali, mwaka 1973, kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, na baada ya miaka michache majani na miti ikaanza kurudi. Mambo hayo mawili yanafundisha jambo moja. Ardhi ya uwanda wa kati ikivuliwa hulipiza kisasi, na ikifunikwa husamehe.

MJI ULIOKUA KWA HARAKA

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji ulikua polepole. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kikamilifu, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Kwa mujibu wa sensa, wakaazi wa Dodoma Mjini walikuwa 410,956 mwaka 2012. Ilipofika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 765,179. Hiyo ni kusema kwamba katika miaka kumi mji uliongeza watu karibu sawa na wote waliokuwepo mwanzo.

Kila familia inayohamia huhitaji nyumba, na kila nyumba huanza kwa kufyeka kiwanja. Kiwanja kikishafyekwa huenda kikakaa mwaka mmoja au miwili wazi kabla ya kujengwa. Malori hubeba mchanga, kokoto na saruji kupita barabara za mitaa ambazo hazijatiwa lami. Tairi za malori husaga udongo ukawa laini zaidi, na kila gari linalopita hunyanyua kile kilichosagwa na gari lililotangulia. Upande wa mashariki zaidi umejengwa Mji wa Serikali wa Mtumba, na njia ya kwenda huko hupita Nzuguni. Maendeleo hayo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, yana gharama ambayo haiandikwi katika hesabu za ujenzi, nayo ni gharama inayolipwa na mapafu.

VUMBI KUBWA NA VUMBI DOGO

Watu wengi hudhani kwamba vumbi la hatari ni lile linaloonekana. Ukweli ni kinyume. Wataalamu hupima chembe za hewani kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binaadamu una unene wa kiasi cha mikroni 70. Chembe za mchanga unaosumbua macho ni kubwa, na nyingi hunaswa na vinyweleo na ute wa puani, kisha hutoka kwa kupenga au kupiga chafya. Chembe za mikroni 10 na chini ya hapo huvuka kizuizi hicho na kuingia katika njia za pumzi. Chembe za mikroni 2.5 na chini ya hapo hazionekani kabisa kwa macho. Hizo hufika hadi katika vifuko vidogo vya mapafu ambamo hewa hukutana na damu, na zilizo ndogo zaidi huweza kuingia katika damu yenyewe.

Vumbi la udongo lina chembe kubwa kwa wingi, ingawa na ndogo zimo. Moshi wa kuni, wa mkaa, wa taka na wa injini za dizeli ni karibu wote chembe ndogo. Kwa hiyo mtu wa Nzuguni aliyefumba mdomo kwa leso wakati wa kisulisuli, kisha akaingia jikoni na kuinamia jiko linalofuka, amejikinga na adui mdogo na kumfungulia mlango adui mkubwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya hewa salama. Kwa chembe ndogo za mikroni 2.5, wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango cha zamani, cha mwaka 2005, kilikuwa mikrogramu 10. Kwa chembe za mikroni 10 wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 15. Viwango vilishushwa kwa sababu utafiti ulionyesha kwamba hata uchafu kidogo wa hewa, ukivutwa kwa miaka, hudhuru. Mwaka 2022 Shirika hilo lilieleza kwamba asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyofikia viwango hivyo. Dodoma si peke yake basi, lakini wingi wa wagonjwa haumponyi mgonjwa.

MADHARA KATIKA MWILI

Dalili za mwanzo za hewa chafu ni nyepesi: macho kuwasha, pua kuziba, koo kukauka na kikohozi kisichoisha. Mgeni atokaye pwani huzihisi mapema kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu na ute wa puani hukauka, ukashindwa kunasa vumbi.

Madhara makubwa huja baadaye. Mwenye pumu hushikwa mara kwa mara. Mkamba hugeuka kuwa wa kudumu. Chembe ndogo zinapoingia katika damu hudhuru mishipa, hivyo maradhi ya moyo na kiharusi ni miongoni mwa matokeo makubwa ya hewa chafu, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 2013 taasisi ya Umoja wa Mataifa inayotafiti saratani iliiweka hewa chafu ya nje katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binaadamu. Moshi wa dizeli ulikuwa umeshawekwa humo mwaka 2012.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Mapafu yao bado yanakua, wanapumua haraka kuliko watu wazima, na kimo chao kinawaweka karibu na ardhi na karibu na bomba la moshi la gari. Nimonia, ambayo wengine huiita kichomi, ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka mitano, na moshi wa jikoni huongeza hatari yake. Mama mjamzito anayevuta moshi kila siku huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Wanaopasua mawe na kutengeneza kokoto wana hatari ya pekee. Vumbi la mawe lina silika, ambayo huacha makovu katika mapafu. Makovu hayo hayaponi, na mwenye nayo hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko mwengine.

Kuhusu macho, Mkoa wa Dodoma, hasa Wilaya ya Kongwa, umejulikana kwa miaka mingi kwa maradhi ya trakoma, ambayo pia huitwa vikope. Inafaa ieleweke kwamba trakoma hailetwi na vumbi; huletwa na vijidudu vinavyoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua katika nyuso zisizooshwa. Hata hivyo, mzazi aliyezoea kusema "ni vumbi tu" anaweza kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali. Jicho jekundu lisilopona baada ya siku chache lazima lionwe na mganga.

MOSHI WA JIKONI NA JIKO LA MKAA

Katika Tanzania zaidi ya kaya nane katika kila kumi zimekuwa zikipika kwa kuni au mkaa. Takwimu zinazotumiwa na Serikali zinataja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majumbani. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kutokana na sababu hiyo kwa mwaka 2020. Wengi wa wanaodhurika ni wanawake na watoto wadogo wanaobebwa mgongoni wakati mama anapika.

Lipo jambo linalopaswa kusemwa kwa mkazo. Katika Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa baridi, na baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, wakafunga mlango na dirisha wakalala. Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana, na mtu hukosa hewa akiwa usingizini. Kichwa huuma, mwili hulegea, na asiyeamka mapema haamki tena. Mkaa usiotoa moshi si dalili ya usalama, kwa kuwa gesi hiyo hutoka hata mkaa ukiwa mwekundu na safi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kwa sababu yoyote ile.

Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi na umeme ni miongoni mwa njia hizo. Kwa familia ambayo haijaweza kumudu gesi, zipo hatua za kati: kutumia jiko banifu, kupika nje au mahali penye madirisha mawili yanayokabiliana, kukausha kuni vizuri, kuroweka maharage usiku ili yaive haraka, na kumweka mtoto mbali na jiko.

MAGARI NA TAKA

Katika kituo cha mabasi cha Nzuguni magari yaendayo Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwengineko hukusanyika tangu alfajiri. Wakati huo hewa ya baridi hutulia chini na moshi haupandi, hasa katika miezi isiyo na mvua. Injini inayoachwa ikinguruma bila ya safari huwafukiza abiria, wapigadebe, wachuuzi na mama lishe. Abiria huondoka baada ya saa moja, lakini mchuuzi hubaki hapo kutwa, mwaka hadi mwaka.

Yapo mabadiliko ya kutia moyo. Tanzania, pamoja na nchi nyengine za Afrika zilizo kusini ya Sahara, iliachana na petroli yenye risasi ilipoingia mwaka 2006, na hivyo watoto wakaepushwa na sumu inayodhuru ubongo. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli yenye salfa kidogo. Mwezi Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kila abiria anayehamia treni hiyo hupunguza moshi wa barabarani.

Kuhusu taka, desturi ya kukusanya majani, karatasi na plastiki na kuvichoma jioni nyuma ya nyumba bado ni ya kawaida. Wengi huiona kuwa ni usafi. Plastiki ikiungua hutoa sumu, zikiwemo daioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini chupa na vifungashio vyengine vya plastiki vingali vingi. Mwenye kuchoma plastiki hauondoi uchafu, ila huutoa uwanjani kwake akautia kifuani mwa jirani.

MAFUNZO YA MIJI MENGINE

Mwezi Disemba 1952 jiji la London lilifunikwa kwa siku tano na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Makadirio ya mwanzo yalikuwa watu 4,000 waliokufa. Uchunguzi wa baadaye ulifikisha idadi hiyo kiasi cha 12,000. Wengi walifia majumbani na hospitalini, si barabarani, ndiyo maana ukubwa wa msiba haukutambuliwa siku hizo. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi.

Katika jiji hilo hilo, Februari 2013, alifariki mtoto wa miaka tisa, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu kali na aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake aliendelea kudai uchunguzi, na Disemba 2020 afisa anayechunguza vifo alitamka rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na kwamba mama hakupewa maelezo ambayo yangemwezesha kuchukua hatua. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa kila mji. Mzazi asiyeambiwa hawezi kujikinga.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa zilitolewa mwaka 2007, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina wajibu wa kusimamia. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na masharti ya kuzuia vumbi huwa sehemu ya tathmini hiyo. Kwa upande wa Zanzibar ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Mwananchi anayekerwa na moshi au vumbi la mradi ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa serikali ya mtaa, kwa ofisa wa mazingira wa halmashauri au kwa NEMC.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwa mwenye nyumba. Ipo desturi ya kufagia uwanja mpaka udongo uwe mweupe, na mwanamke mwenye uwanja wa namna hiyo husifiwa kwa usafi. Katika ardhi ya Dodoma desturi hiyo hutengeneza vumbi. Ni bora kuacha majani mafupi, kumwaga kokoto penye njia, na kupanda mwarobaini au mti mwengine unaostahimili ukame upande upepo unakotoka. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyoanzishwa mwaka 2017, haitafanikiwa kwa miche iliyopandwa siku ya sherehe na kuachwa ikafa Agosti; mti mmoja uliomwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo una faida kuliko kumi iliyosahauliwa. Ndani ya nyumba, sakafu isifagiwe kavu. Itiwe maji kidogo au ipigwe deki.

Kwa anayejenga. Kiwanja kisifyekwe chote kabla ya wakati wake. Mchanga na saruji vifunikwe, na lori la mchanga lifungwe turubai. Barabara ya udongo inayotumiwa na malori imwagiwe maji, na mwendo upunguzwe. Anayefanya kazi ya kuchanganya saruji au kupasua mawe apewe barakoa inayofaa; kanga au leso huzuia mchanga, lakini haizuii chembe ndogo.

Kwa dereva. Injini izimwe gari likisimama. Gari linalotoa moshi mweusi lipelekwe kwa fundi, kwani moshi huo ni mafuta ya mwenye gari yanayopotea.

Kwa skuli. Siku ya upepo mkali michezo na usafi wa uwanja uahirishwe hadi upepo utulie, na watoto wenye pumu wajulikane na walimu wao.

Baadhi ya wafanyakazi huamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi ya vumbi husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni na wala hayapiti katika mapafu. Mwajiri anayetoa maziwa badala ya barakoa hajamkinga mfanyakazi wake.

DALILI ZA HATARI

Mzazi ahesabu pumzi za mtoto anayekohoa, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Ikiwa kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, apelekwe hospitali bila ya kungojea asubuhi. Chanjo ya kukinga aina kubwa ya nimonia imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka 2013, na hakuna sababu ya mtoto kuikosa.

Mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, wala asijiambie kwamba ni vumbi. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu amepata nafuu. Kiangazi cha Dodoma ndicho kipindi anachoihitaji zaidi.

Mvua ya Disemba itakapofika Nzuguni vumbi litalala, na wengi watasahau. Lakini kiangazi hurudi kila mwaka, na mapafu yaliyokwisha kudhurika hayafufuliwi na mvua. Miti inayopandwa wakati ardhi ina maji, jiko linalobadilishwa kabla ya baridi ya Juni na kiwanja kinachoachiwa majani yake ndivyo vitakavyoamua hewa ya Septemba ijayo. Kinga ni bora kuliko tiba.